Skani za mimba kubwa, wiki ya 32 kwenda mbele, ni lazima kweli?

BintiArua

Dada zangu na kaka zangu wa huku Uganda, habari za leo. Nina jambo linanikera naomba tusaidiane.

Mimi naishi Bweyogerere, mimba ya pili hii, wiki ya 33. Juzi kiliniki ninayohudhuria wameniandikia skani tatu, moja wiki hii, nyingine wiki ya 36 na nyingine ya 38, kila moja elfu 45. Nikauliza zote hizo za nini, dada wa mapokezi akanijibu ni utaratibu. Basi, utaratibu tu. Presha sina, sukari sina, mtoto anacheza mpaka usiku silali, na skani ya mapema nilishapiga nikiwa na wiki 11 kwa hiyo tarehe najua na mtoto najua ni mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni ile mimba ya kwanza, mwaka 2021, kiliniki nyingine kabisa na jina sitaji. Wiki ya 38 nikapelekwa skani. Yule mpigaji hata usoni hakunitazama, jeli ya baridi inanitiririka ubavuni mpaka kwenye kitenge, yeye simu iko sikioni, mwisho anasema mtoto ana kilo 4.1 na kitovu kimemzunguka shingoni. Nikaingia kwa daktari na karatasi yangu, akaisoma, tumbo hakulishika hata kidogo, akaniambia mama wewe huyu hapiti. Kesho yake saa nne asubuhi niko thieta. Mtoto akatoka salama alhamdulilahi, nikiwa bado nimelazwa pale nikasikia nesi anasoma mizani, kilo 3.4. Namba hiyo sijaisahau mpaka leo. Kidonda kilitunga usaha, wiki sita natembea nimeinama, na deni la oparesheni tulimaliza kulipa mtoto ameshaanza kukimbia.

Kwa hiyo mimi kwa mawazo yangu hizi skani za mwisho kwa mtu asiye na shida ni kutafuta pesa na kutafuta sababu ya kupasua watu. Sitaki kupiga hata moja. Kama nakosea niambieni nakosea wapi.

Dereva_Malaba

Dada pole sana. Mimi ni mwanaume lakini niseme langu kwa sababu lilinipata. Mke wangu mimba ya tatu tuliandikiwa skani kama hivyo, nikalipa ya wiki ya 34 nikalipa na ya wiki ya 37, zote majibu ni mazuri. Uchungu ukaanza usiku wa saa nane mvua inanyesha na mimi mfukoni nina elfu 3. Boda yenyewe ilikuwa haina mafuta. Nilizunguka kugonga milango ya majirani mpaka mzee mmoja akatoa gari, tumefika hospitali mtoto kichwa kinaonekana. Tangu siku hiyo nasema pesa ya usafiri na pesa ya vitu vya kujifungulia iwekwe kwanza pembeni, isiguswe, ndio mengine yafuate.

Nnalongo_wa_Jinja

BintiArua nakuelewa lakini usiseme hazina faida, mimi ningekuwa wapi leo. Sikupiga skani ya mapema maana nilikuwa kijijini kwa mama mkwe na kule kituoni mashine hakuna. Kila nikienda wananiambia tumbo ni kubwa kuliko wiki zako, labda umekosea kuhesabu. Nimerudi Jinja wiki ya 35 ndio nikapigwa skani ya kwanza, yule kaka akanyamaza, akarudisha kile kifaa upande wa kushoto, akarudisha kulia, halafu akaniuliza "mama, kwenu kuna mapacha?" Nikaanza kulia palepale kitandani. Na wa kwanza alikuwa amekaa makalio chini! Wakaniambia usithubutu kuzalia nyumbani wala kituo kidogo. Nimejifungua hospitali kwa kisu, wote wawili wazima, Babirye na Nakato, mwezi ujao wanaanza nasari.

BintiArua

@Nnalongo_wa_Jinja hongera sana mama. Ila naona kwako ilikuwa ndio skani ya kwanza, na tumbo lilikuwa linasema kuna kitu. Mimi sina hilo.

mwanafunzi_wa_Mulago

Nasoma udaktari, mwaka wa nne, niongeze yale niliyosoma maana hili swali limeshafanyiwa utafiti mkubwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2016 lilitoa mwongozo wa kiliniki ya wajawazito, ule wa mahudhurio 8. Humo ndani skani wanayoipendekeza kwa kila mama ni MOJA, kabla ya wiki ya 24. Hiyo ndiyo inayokupa umri sahihi wa mimba, inaonyesha mapacha, inaonyesha kasoro kubwa za maumbile. Za baada ya hapo hawajaziweka kuwa za kila mtu. Wamesema tu kwamba mama aliyekosa ile ya mapema anaweza kupewa ya mwishoni, ili ionekane watoto ni wangapi, wamekaaje na kondo la nyuma liko wapi. Yaani hali kama ya Nnalongo hapo juu.

Halafu kuna kundi la Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzichambua pamoja. Mwaka 2015 walichambua majaribio 13 yenye akina mama karibu 35,000, wakilinganisha waliopigwa skani ya kawaida baada ya wiki ya 24 na wale ambao hawakupigwa. Hawakuona faida kwa mama wala kwa mtoto kwa mimba zisizo na shida. Ila tukumbuke wengi wa akina mama hao walikuwa nchi tajiri ambako vipimo vya mapema na hospitali vipo, huwezi kuchukua majibu yao ukayabandika Karamoja bila kufikiri.

Na kuna jaribio jingine, First Look, lililofanyika Kenya, Zambia, Kongo, Pakistan na Guatemala, wakapeleka mashine za skani kwenye vituo vya vijijini wakitegemea akina mama wataenda kujifungulia hospitali zaidi na vifo vitapungua. Majibu yalitoka 2018, havikupungua. Mashine peke yake haikubadili kitu, kwa sababu ukishaambiwa mtoto amekaa vibaya bado unahitaji gari, daktari, thieta na damu.

Kaka_Koboko

Samahani naingia kati, hiyo mionzi ya skani si inadhuru mtoto? Mama yangu anasema ukipiga nyingi mtoto anakuwa dhaifu

mpiga_skani_Kla

@Kaka_Koboko skani haina mionzi ndugu yangu. Ni sauti, mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yanaingia tumboni yanagonga na kurudi, mashine inachora picha. Eksirei ndio yenye mionzi. Kwa miaka yote hii hakuna madhara yaliyothibitishwa kwa mtoto, ingawa hata sisi tunafundishwa usimmulike mtoto muda mrefu bila sababu ya kitabibu. Mwambie mama asiogope.

BintiArua, hii ni kazi yangu, nilisomea pale ECUREI, chuo cha skani kilichopo Mengo, kwa hiyo ulichoandika kimeniuma. Mgonjwa wangu hata awe wa arobaini siku hiyo namsalimia na namwambia ninachokiona. Acha nikueleze hizo namba mbili zilizokupeleka thieta.

Uzito. Sisi hatumpimi mtoto kwenye mizani. Tunapima kichwa, tumbo, na mfupa wa paja, mashine inapiga hesabu inatoa makadirio. Hayo makadirio yanaweza kukosea asilimia 10 mpaka 15 juu au chini, na kwa watoto wakubwa wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mimi nikiandika 4.1 maana yake anaweza kuwa 3.5 na anaweza kuwa 4.7. Namba hiyo haitakiwi kumpasua mtu peke yake, mama hana sukari, nyonga haijaangaliwa, uchungu haujajaribiwa.

Kitovu shingoni. Karibu mtoto 1 kati ya 4 au 5 anazaliwa kitovu kimemzunguka shingo, na walio wengi mkunga anakitoa kwa kidole kichwa kikishatoka, mambo yanaendelea. Tena mtoto anageuka, leo kipo kesho hakipo. Wenzangu wengi hawakiandiki kabisa kwenye ripoti kwa sababu ya hofu inayoletwa.

Na nyingine watu hawaijui, TAREHE. Skani ya mapema kama yako ya wiki 11 inakosea siku 5 mpaka 7 tu. Ya mimba kubwa inaweza kukosea mpaka wiki 3! Nimeona akina mama wana skani nzuri ya mapema, halafu wanapiga ya wiki 36, mashine inaandika tarehe mpya, kila mtu anaanza kuifuata hiyo mpya na mama anaanzishiwa uchungu kabla ya wakati. Tarehe ya kwanza ikishakuwa sahihi haibadilishwi na ya mwishoni.

Hajati_Bombo

Wanangu mimi nimezaa saba, wote kabla ya hizo mashine hazijatufikia. Mkunga wetu hapa Bombo alikuwa na mikono, anakulaza, anapasha viganja kwanza kwa kuvisugua, halafu anashika juu ya tumbo, anashika pembeni, anashuka chini kwenye mfupa, anakwambia mgongo uko huku, kichwa kiko huku, na kile kipembe chake cha mbao anakiweka sikioni anasikiliza moyo. Hakukosea kwangu hata mara moja.

Lakini siwezi kusema uongo. Dada yangu mkubwa alikwenda na mimba ya tano. Alianza kutoka damu usiku, haimuumi popote, damu tu inatoka, tukafikiri uchungu unaanza. Alipofika hospitali alikuwa ameshapoa mikono. Walisema kondo lilikuwa limetangulia mbele ya mtoto. Mikono ya mkunga haikuliona hilo. Kwa hiyo BintiArua mwanangu, hasira yako ni ya haki, ila usiiache ikuamulie.

BintiArua

Hajati poleni sana, Mungu amrehemu. Hiyo imenigusa.

Mkunga_Yumbe

Shikamoo Hajati. Habari zenu wote. Mimi ni mkunga, Health Centre III (HC III, kituo kidogo kisicho na thieta) huku Yumbe, mwaka wa 12 kazini, nimesoma uzi wote toka juu na BintiArua nataka niongee na wewe mwenyewe.

Huku kwangu skani hakuna. Nina utepe, nina mikono, nina kipembe na mashine ya presha. Mimba ikishapita wiki 20 nikipima tumbo kwa utepe sentimita zinakaribiana na wiki, mwenye wiki 30 nategemea kama 30. Zikizidi sana nawaza mapacha, maji mengi au tarehe kukosewa, zikipungua nawaza mtoto hakui. Hapo ndipo nampeleka mama skani, nimeandika kwenye kadi kwa maneno kwamba tafadhali angalia hiki. Nikimtuma bila kuandika anarudi na picha nzuri na jibu la swali ambalo sikuuliza. Kwa hiyo kwa upande huo nakuunga mkono kabisa, skani tatu za "utaratibu" kwa mama mzima sizioni zina kazi gani. Presha yako ipimwe kila hudhurio, mkojo upimwe, damu iangaliwe, hivyo ndivyo vinavyookoa watu. Vifo vya akina mama nchini vimeshuka, ripoti ya 2016 ilisema 336 kwa kila vizazi hai laki moja, ile ya 2022 ikasema 189.

LAKINI dada, umeandika kitu hapo juu na wote wamekipita. Ulipasuliwa 2021. Una kovu kwenye mfuko wa uzazi.

Na skani yako ni ya wiki 11. Wiki 11 kondo haliwezi kusemwa kwa uhakika litakaa wapi, hata la wiki 20 likionekana liko chini, 9 kati ya 10 hupanda lenyewe tumbo linavyokua. Ndio maana huangaliwa tena karibu na wiki ya 32. Kwa mtu asiye na kovu, hajatoka damu, mtoto ameinamisha kichwa, sisemi kitu. Kwako nataka kujua. Kwa sababu kondo likishuka chini kwa mbele likakaa juu ya lile kovu, linaweza kuzamisha mizizi humo ndani na siku ya kuzaa likakataa kubanduka, na hiyo ni damu ambayo HC III yangu haiwezi, hata HC IV, kituo cha ngazi ya juu yangu, inaweza kushindwa, unatakiwa uwe umeshapangiwa hospitali kubwa ya rufaa kama Kawempe na damu imeshaandaliwa.

Kwa hiyo piga moja. Sio tatu. Na mwambie yule anayekupiga: naomba uangalie kondo liko wapi na liko umbali gani kutoka kwenye kovu, na mtoto ametanguliza nini. Uzito akikuandikia sawa, ila usiubebe kichwani. Na kama kabla ya siku hiyo utaona damu, hata kidogo, hata isiyouma, usipite kiliniki, nenda hospitali moja kwa moja na usikubali mtu akuingize vidole kukupima njia kabla kondo halijajulikana liko wapi.

mpiga_skani_Kla

Mkunga ameniwahi. Nilisoma oparesheni nikaenda kwenye namba za mashine, kosa langu. BintiArua msikilize huyu. Na ukienda usikojoe kwanza, kibofu kikiwa na mkojo kiasi tunaona vizuri pale chini.

Dereva_Malaba

Huku vijijini wakunga kama hawa wangepewa mashine na kufundishwa ingekuwaje

mpiga_skani_Kla

Imeshafanyika ndugu, Nawanyago kule Kamuli, HC III, wakunga walifundishwa kupitisha kifaa tumboni kwa mpangilio maalum na picha zinatumwa kwa mtandao zinasomwa na wataalamu walio mbali. Mashine siku hizi inaingia kwenye begi. Ugumu ni umeme, na mahali pa kumpeleka mama ukishaona tatizo.

BintiArua

Jamani nimekaa na hii siku mbili. Kwa kweli sikuwahi kuwaza kwamba kovu ndilo linalonifanya niwe tofauti, nilikuwa nawaza kovu kama jeraha la kunikosesha amani tu. Hakuna aliyeniambia, hata pale kiliniki waliponiandikia hizo tatu hakuna aliyetaja kovu. Wangeniambia hivyo tu ningelipa bila maneno.

Naenda Ijumaa, sehemu nyingine. Nitarudi.

Nnalongo_wa_Jinja

Tunakuombea mpenzi

BintiArua

Nimerudi. Ijumaa nimepigwa. Nilikuwa nimeandika maswali ya mkunga kwenye karatasi nikampa yule mama wa skani, akayasoma, akavua miwani, akaniuliza nani amekuandikia haya, nikamwambia ni mkunga wa Yumbe sijawahi kumwona. Akacheka akasema huyo anajua kazi yake. Akageuza kioo upande wangu. Akanionyesha kondo, liko juu kabisa, nyuma, mbali na kovu. Akanishika kidole akakiweka kwenye kioo akasema hapa ni mgongo, hapa ni kichwa, kiko chini. Uzito alitaka kuniambia nikamwomba asiniambie, akaandika tu kwenye karatasi akaikunja. Elfu 40, na zile mbili nyingine sipigi kama hakuna kipya.

@Mkunga_Yumbe sasa nina swali la mwisho, naweza kujaribu kusukuma mwenyewe safari hii au nikishapasuliwa ndio basi?

Mkunga_Yumbe

Nimefurahi sana mama, nimesoma nikasimama hapa maternity nikawaambia wenzangu.

Wengi waliopasuliwa mara moja wanaweza kujaribu na wengi wanafanikiwa, lakini inategemea chale ilikatwaje ndani. Ya chini iliyolala kwa upana ndio tunayoikubali, ya kusimama hapana, na kovu la nje haliwezi kukwambia, unaweza kuwa umekatwa nje hivi na ndani vile. Itafute ile fomu waliyokupa ulipotoka 2021, kama hunayo rudi uwaombe, ni haki yako, upeleke hospitali utakayozalia daktari aisome sasa hivi na sio siku ya uchungu. Na hiyo hospitali iwe na thieta inayofanya kazi usiku na iwe na damu. Kovu kufunguka hutokea mara chache, kama kwa mama 1 katika 200, lakini likifunguka ni dakika tu. Uchungu ukianza usikae nyumbani kusubiri ukolee kama mimba ya mtu mwingine, ondoka mapema. Mtoto akipunguza kucheza pia, siku hiyohiyo, usingoje kesho.

BintiArua

Fomu ninayo, iko kwenye bahasha moja na kadi ya chanjo ya mtoto. Imeandikwa kwa mkono siisomi vizuri, Jumatatu naipeleka. Na mume wangu ameshaongea na jirani mwenye gari, amempa elfu 50 azishike kabisa mpaka siku hiyo.

Dereva_Malaba

Hapo sawa dada.